Kadi za Inda

Sisi tunaoandika kamusi tuna sheria moja ambayo hata Mhariri Mkuu haivunji: mfano hautungwi. Ukitaka kuonyesha neno linavyotumika, hukai kitini ukabuni sentensi nzuri ya kumpendeza mkaguzi. Unamtafuta mtu aliyelisema. Unaandika alichosema vilevile, na makosa yake, kwenye kadi ngumu ya ukubwa wa kiganja: neno juu kushoto, sentensi katikati, chini mahali uliposikia na tarehe, na pembeni namba yako ya ukusanyaji. Mimi ni namba saba. Kadi inaingia kwenye droo, droo kwenye kabati la chuma, na makabati yako thelathini na mawili, yamesimama mistari minne katika chumba chenye dirisha moja. Kompyuta zilikuja, zikawekwa mezani, zikafunikwa kitambaa zisiingie vumbi. Kadi hazikuondoka.

Sheria ya pili ni ndogo zaidi: kadi uliyoitoa unairudisha mwenyewe. Kadi iliyorudishwa pasipo pake, katika chumba chenye kadi laki mbili na ushee, imekufa. Hakuna atakayeitafuta kwenye droo ya T kama neno lake linaanza na K. Itaonekana siku mtu atakapoikuta kwa bahati, na siku hiyo huenda sote tukawa tumeshazikwa.

Nayaeleza haya mapema ili ujue nilikuwa na silaha gani.

Namba nne alikuwa Shangazi. Ofisi nzima ilimwita hivyo, hata Mhariri Mkuu aliyemzidi miaka sita. Alikuwa mrefu, mkavu, na akifika tu kazini alivua viatu vya njiani, akavisukuma chini ya meza kwa mguu, akavaa kandambili za mpira. Kwa hiyo ulijua yuko wapi saa zote: pa, pa, pa, kutoka kabati hadi kabati. Ulimi wake ulikuwa mkali lakini hauna sumu. Angemkata mtu vipande viwili asubuhi, na saa nne akammiminia chai. Wenzangu aliwaita kwa namba zao. Mimi peke yangu aliniita mdogo wangu.

Kila Jumanne tunasomeana fasili, yaani maelezo ya maana, kabla hazijaenda kuchapwa. Jumanne moja nilisoma fasili yangu ya neno ngazi. Niliipenda mno. Nilikuwa nimeipunguza na kuipunguza mpaka yakabaki maneno matatu: kitu cha kupanda. Nikainua kichwa kusubiri sifa zangu.

Shangazi, bila kuacha kuchonga penseli yake, akasema, "Basi hata punda ni ngazi."

Watu walivunjika mbavu. Mhariri Mkuu alivua miwani akafuta macho. Mchapaji aliegemea ukuta asianguke. Mimi nilicheka kuliko wote, maana asiyecheka ndiye anayeonekana. Tukairekebisha fasili, ikawa bora zaidi, tukaendelea na neno lililofuata. Kesho yake hakuna aliyekumbuka. Mimi nilikumbuka mpaka nani alikuwa ameshika kikombe na nani hakushika.

Nikisema kwamba nilimchukia Shangazi nitakuwa naongopa. Chuki ni kitu kizito, inakula na kulala na mtu. Wivu pia haukuwa wenyewe. Sikutaka chochote alichokuwa nacho, labda kiti cha dirishani, na hicho nacho kilikuwa na jua kali. Kilichonikaa kilikuwa kidogo sana, kama punje ya mchele kwenye kiatu. Wiki moja baadaye nilikuta kadi yake moja juu ya meza ya pamoja. Ilikuwa ya neno kisogo. Alikuwa ameiacha kwa dakika mbili tu, ameitwa kwenye simu. Nikaichukua, nikaenda kwenye mstari wa tatu, nikavuta droo yoyote iliyokuwa usawa wa kifua, nikaitumbukiza katikati, kichwa chini. Sikuangalia hata ni droo ya herufi gani. Nikarudi kukaa.

Aliitafuta nusu ya siku. Nami nikamsaidia kuitafuta, tumepiga magoti sakafuni, tukiangalia chini ya makabati. "Nimeishika sasa hivi, mdogo wangu," alisema. "Sasa hivi kwa mkono huu." Nikamwambia asijali, itaonekana tu. Nitasema kweli: utamu nilioupata pale sakafuni sijawahi kuupata kwenye chakula.

Nikarudia. Mara ya kwanza baada ya wiki mbili, kisha kila wiki, kisha nikawa sihesabu. Sikuzisoma hizo kadi. Nilizigeuza uso chini na kuzitumbukiza haraka, jinsi mtu anavyomeza kidonge. Nikaendelea hivyo miezi kumi na minne.

Sasa sikiliza jambo linaloninyima raha. Mama yake Shangazi alifariki akiwa hamtambui mwanawe hata mmoja. Sote tulilijua hilo kwa sababu Shangazi alichukua likizo ya miezi mitatu kumuuguza, akarudi amekonda, akatusimulia jinsi mzee alivyokuwa akimwita "yule mwanamke wa kufagia." Akasema hofu yake kubwa duniani ni hiyo peke yake, kifo hakimtishi. Alisema hayo akinitazama mimi, maana tulikaa meza zinazoangaliana. Hivyo kusema sikujua nilichokuwa nachezea ni kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilijua.

Akaanza kujiandikia vikaratasi. Akaanza kufungua droo ileile mara mbili, mara tatu, akisimama na mkono kwenye kishikio. Utani wake wa Jumanne ukapungua, kwa kuwa hakuwa na hakika tena kama mzaha anaotaka kuutoa hakuutoa wiki iliyopita. Siku moja nilimkuta amesimama kati ya makabati akisoma herufi ubavuni mwa moja, midomo inacheza, A, B, CH, D, kama mtoto wa darasa la kwanza. Hapo ningeweza kuacha. Niliacha kwa siku tisa.

Alistaafu mwaka na nusu kabla ya wakati wake. Barua aliiandika mwenyewe, safi, bila kosa hata la nukta: anaomba radhi kwa usumbufu aliousababishia kamusi. Tukampa saa ya ukutani. Mimi nikapewa kiti cha dirishani na kazi zake zote zilizobaki.

Ndipo zikaanza kurudi.

Ya kwanza aliileta mchapaji. Alikuwa anatafuta kitu kwenye R akakuta kisogo. "Masikini Shangazi," alisema, akaiweka mezani kwangu kwa kuwa mimi ndiye mrithi. "Kumbe alikuwa ameanza zamani." Wiki ile zikaja mbili nyingine. Mhariri Mkuu mwenyewe alileta moja, akaitazama kwa huzuni, akatikisa kichwa. Kila kadi iliyoibuka ilikuwa shahidi dhidi yake, na mashahidi wote niliwapanga mimi. Nilikuwa nazipokea, nasema asante, nazirudisha mahali pake. Nikawa nainamia karatasi zangu kila nikisikia mtu anasema, "Hee, hii nayo inafanya nini huku?"

Halafu zikaja kandambili. Usinicheke. Saa saba mchana wenzangu hutoka kwenda kula, nami hubaki. Chumba kinakuwa kimya, jua limelala sakafuni, na kutoka mstari wa tatu naisikia, pa, pa, pa, halafu droo inavutwa taratibu. Nikienda sikuti mtu. Mara ya kwanza nilisema ni jengo linajinyoosha kwa joto. Mara ya pili nilitoka nje nikasimama na mlinzi wa getini, nikamsikiliza akieleza habari za mguu wake mpaka watu waliporudi.

Na mwezi uleule kadi yangu mimi, ya neno imara, ikapotea. Nilikuwa nimeirudisha. Nakuapia nilikuwa nimeirudisha. Niliikuta siku ya tatu, mstari wa tatu, droo ya usawa wa kifua, katikati, kichwa chini. Hakuna aliyejua namna hiyo ya kuweka kadi isipokuwa mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa kwenye bega langu mwenyewe. Nikaukalia usiku ule nikiwa kitandani, kama mtu anayemkalia mbwa asitoke.

Tulifika herufi I mwezi wa tano. I ni herufi fupi, nilitegemea kuimaliza kabla ya likizo. Nikavuta droo: inchi, halafu ingawa. Kati yake ilipaswa kuwepo inda. Haikuwepo hata kadi moja.

"Haiwezekani," alisema Mhariri Mkuu. "Tukiliacha, wasomaji watadhani watu wetu hawana inda. Watatuona malaika. Tafuta kadi, na ukikosa, toka nje ukalisikie."

Nikaanza na mchapaji, aliyekuwa karibu. Nikamuuliza inda ni nini.

"Inda? Inda ni jirani yangu," alisema papo hapo. "Mimi nikianika, yeye anasogeza kamba kidogo tu, kidogo, nguo zangu ziguse ukuta. Anapata nini? Hapati kitu. Nguo zake hazikauki haraka zaidi."

"Si ni husuda hiyo?"

"Ha! Husuda ni mtu anataka cha kwako. Huyu anazo nguo nzuri kuliko mimi. Hiyo ni inda, dada. Mtu anakunyima hata kitu ambacho yeye hakitaki. Na ukimuuliza, atakuapia hana ugomvi nawe, na kweli hana."

Nilirudi mezani nikajaribu kuandika fasili. Kinyongo kina jambo lililotendeka, mtu amekosewa akaweka moyoni. Uadui una pande mbili. Inda ina upande mmoja. Anayefanyiwa kwa kawaida hajui kama kuna jambo. Nikaandika: *tabia ya kumtendea mtu ubaya mdogo mdogo bila faida na bila sababu ya kutosha.* Nikaitazama hiyo sababu ya kutosha muda mrefu. Nikamwona punda.

Kadi zilikuwepo. Hilo nililijua, kwa kuwa Shangazi alikuwa akiyapenda maneno ya namna hiyo, maneno ya uani, na aliwahi kusema ana inda za kutosha kijiji kizima. Kama hazikuwa mahali pake, ni mimi. Saa saba, wenzangu walipotoka, nilikwenda mstari wa tatu. Sikukumbuka nimeweka nini wapi, ila mkono una mazoea yake. Nikauacha uniongoze: droo za usawa wa kifua, katikati. Nilikuwa navuta droo na kusikia nyuma yangu, mstari wa nne, droo nyingine inavutwa. Nikiacha, inaacha. Sikugeuka.

Ya kwanza ilikuwa kwenye U. *Amemwaga maji ya vyombo njiani kwangu, wala si bahati mbaya, ni inda tu.* Bombani, mama mwenye ndoo ya bluu. Ya pili ilikuwa kwenye S. *Hana ugomvi na mimi, ana inda.* Foleni ya hospitali. Namba nne, namba nne, kwa ule mwandiko wake uliosimama wima.

Ya tatu ilikuwa kwenye W. Neno juu kushoto: inda. Katikati: *Sijui kama kuna mtu ananifanyia inda au ni kichwa changu.* Chini, mahali: hapa ofisini. Msemaji: namba nne. Msikilizaji: hakuna.

Hairuhusiwi kujinukuu. Kwa miaka ishirini na mitatu Shangazi hakuwahi kuivunja sheria hiyo ila mara hii moja. Tarehe ilikuwa mwezi wa sita wa ule mchezo wangu. Nikaigeuza. Nyuma, kwa penseli, aliandika: *Ni kichwa changu. Hapa hakuna mtu wa namna hiyo.*

Aliiandika, akaiweka mahali pake kwenye I, kisha mimi, siku moja nisiyoikumbuka, nikaichukua pamoja na nyingine, nikaigeuza uso chini, nikaitumbukiza. Nilikaa sakafuni nikalia. Kelele za mstari wa nne zilikuwa zimekoma.

Alasiri ile Mhariri Mkuu akapitisha kadi ya kumuaga Shangazi, tutie sahihi zetu. Jumamosi, alisema, Shangazi anahama. Binti yake anamchukua aende kukaa naye, safari ya siku nzima kutoka hapa, kwa kuwa hawezi tena kuishi peke yake. Nyumba inafungwa. Nikauliza hawezi vipi, anaumwa nini. "Si unajua," alisema, akagusa kichwa chake kwa kidole.

Nikatia sahihi. Halafu nikaona kwamba ningeweza kuizuia ile Jumamosi. Shangazi hakuwa mgonjwa. Alikuwa mtu mzima mwenye akili zake timamu anayefungasha nyumba yake kwa sababu yangu, na maneno matano kutoka kinywani mwangu yangemrudishia funguo zake. Nikapiga moyo konde. Alhamisi niliomba ruhusa mapema, nikatia zile kadi tatu na nyingine kumi na moja zilizokwisha kuibuka kwenye bahasha, nikaenda.

Binti yake alinifungulia. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mwenye urefu wa mama yake na uso wa mtu asiyelala vizuri. "Mama mdogo! Karibu. Atafurahi sana. Usishangae tu akiuliza kitu mara mbili."

"Anauliza mara mbili?"

"Bado. Lakini daktari alisema tujiandae."

Sebule ilikuwa na maboksi. Na kila mahali palikuwa na kadi za ofisi yetu, zile zile ngumu, zimebandikwa kwa gundi. Juu ya kabati: *vikombe.* Juu ya mlango: *funga, kisha hakiki.* Juu ya mkebe: *sukari*, na chini yake, kwa mazoea ya kazi, tarehe.

Shangazi alitoka chumbani na kandambili zake. "Mdogo wangu! Umenona. Kiti changu kinakulisha vizuri." Akanikumbatia. Akaniuliza tumefika herufi gani, nikasema I, akauliza kama Mhariri Mkuu bado anaandika "iliwahi kuwa" pale ambapo "ilikuwa" ingetosha. Alikuwa yuleyule. Hakuna kilichopungua kwake ila ujasiri; alipotaka kuketi aliangalia kwanza kama kiti kipo.

Binti akaleta chai, akaketi nasi na daftari la miraba mapajani. Akanieleza bila kuficha: kila Mama anaposahau jambo wanaandika, tarehe na alichosahau, kwa ajili ya daktari wa huko waendako. Mpaka sasa ni kurasa nne. Nikachungulia. Kurasa tatu na nusu zilikuwa kadi zilizopotea ofisini.

Nikatoa bahasha, nikazipanga mezani. "Shangazi, nimekuja kwa sababu ya hizi."

Akazitambua mara moja. Akaichukua ya bombani kwa vidole viwili. "Ulizikuta wapi?"

"Hiyo kwenye U. Hiyo S. Nyingine W."

"U," alisema. Akafunika mdomo kwa kiganja. "Inda nikaiweka U. Yallah, mama yangu mzazi."

"Hukuiweka wewe. Niliiweka mimi. Zote niliziweka mimi. Kuanzia kisogo. Ulipokuwa ukitoka nilikuwa nazichukua na kuzitumbukiza popote, halafu nakusaidia kuzitafuta. Miezi kumi na minne. Wewe huumwi, Shangazi. Hujawahi kuumwa. Ni mimi niliyekufanyia inda."

Nilikuwa nimesubiri anipige, au anifukuze, na moyoni nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Yeye alinitazama, macho yakamlainika, akanishika mkono. Mkono uleule.

"Unajua," alimwambia binti yake, "huyu ndiye alikuwa anapiga magoti na mimi. Wengine wote walichoka. Yeye mpaka chini ya makabati." Akanigeukia. "Mdogo wangu, hata kuongopa hujui. Niliwahi kulifikiria hilo siku moja, kwamba kuna mtu. Niliona aibu mwezi mzima."

"Siongopi! Wallahi siongopi."

"Kwa nini basi? Mimi na wewe tuligombana lini?"

Hapo nikaona mlango. Nikamweleza. Nikamwambia Jumanne, ngazi, kitu cha kupanda, na yeye na penseli yake, na punda, na Mhariri Mkuu alivyofuta macho. Nilieleza kila kitu, mpaka vikombe. Nilikuwa naeleza haraka kwa furaha, kama mtu anayetoa stakabadhi.

Tabasamu lake lilibaki kidogo, kisha likaondoka.

"Punda?" alisema.

"Ulisema hata punda ni ngazi."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

Akakunja uso. Nilimwona anakwenda kulitafuta kichwani. Nilikuwa nimemwona akitafuta hivyo mara nyingi, kabati hadi kabati. Akarudi mikono mitupu. "Silikumbuki," alisema polepole. "Sina hata kipande chake."

"Huwezi kulikumbuka, halikuwa kitu! Ni mzaha tu. Hakuna anayelikumbuka."

"Unalikumbuka wewe."

"Mimi ni... Shangazi, lilikuwa jambo dogo sana."

"Jambo dogo halimfanyi mtu kama wewe amwonee mwenzake miezi kumi na minne." Alisema kwa utulivu, kwa sauti yake ya Jumanne, ile ya kupima fasili. "Ama hukufanya, unanifariji tu, Mungu akulipe. Ama ulifanya, na basi nilikukosea vibaya, kosa kubwa kabisa, nami limenitoka lote. Kadi ni kadi. Lakini mtu? Nimemuumiza mtu ninayempenda hivi na nimesahau? Mama alianza hivyohivyo. Alianza kwa kusahau kadi... hapana, si kadi. Alianza kwa kusahau nani alimkosea na nani hakumkosea."

"Halikuwa kosa!" Nilikuwa nimesimama. "Ni inda, Shangazi. Wewe ndiye uliyelikusanya neno hili! Haina sababu, ndiyo maana yake!"

"Kwa watu wengine," alisema. "Si kwako." Akamtazama binti yake, na hofu niliyoiona machoni mwake sijawahi kuiona hata siku za makabati. "Andika, mwanangu. Hili ni kubwa kuliko yote. Andika kabla na wewe hujalisahau."

Binti alifungua daftari kwenye ukurasa wa tano. Alinisogelea, akanong'ona ahsante kwa kuja, kwamba ni wachache wanaokuja. Nikamwambia asiandike. Nikamshika kiwiko. Akautoa mkono wangu kwa upole, kama anavyofanya na wanafunzi wake, akachora mstari chini ya mstari wa mwisho.

"Mama mdogo," aliuliza, kalamu iko juu ya karatasi, "hiyo Jumanne ilikuwa tarehe ngapi?"

Naijua tarehe hiyo kuliko ya kuzaliwa kwangu. Wote wawili walikuwa wananitazama, wananisubiri. Nikaitaja, naye akaiandika.